Darubini ya Kompyuta: Iambie Ulipo, Ikuonyeshe Nyota



Ndugu wanafunzi, wazazi na wapenzi wasomaji wa jarida letu, elimu ya nyota si ngeni kwa Waislamu wala kwa watu wa pwani yetu. Katika Surat Al-An'aam, aya ya 97, Allah (S.W.) ametukumbusha kuwa nyota zimewekwa ili tuongoke kwazo katika viza vya bara na bahari. Manahodha wa majahazi waliijua vyema neema hii. Mpaka leo lugha yetu imehifadhi maneno yao: kusini waliita suheli, kwa jina la nyota Suhayl, na kaskazini waliita jaa, kwa jina la nyota ya kaskazini.

Hata darubini si kitu kipya hapa Mtoni. Sayyida Salme bint Said, aliyezaliwa katika kasri la Mtoni mwaka 1844, ameeleza katika kumbukumbu zake zilizochapishwa Ujerumani mwaka 1886 kuwa mbele ya kasri lile palikuwa na baraza kubwa la duara lililoitwa benjle, lenye kuikabili bahari, na ndani yake mlikuwa na viti na darubini ya kutumiwa na watu wa nyumba ile.

Darubini ya zamani ilikuwa ni bomba na vioo tu. Ya siku hizi ina mota, kompyuta ndogo na rimoti yenye waya. Ukibonyeza jina la nyota, darubini hugeuka yenyewe ikaitafuta. Huenda mjomba aliyeko Muscat au London akakuletea moja, au ukaikuta skuli. Watu wengi huiwasha kwa furaha usiku wa kwanza, wakaiamuru iende kwenye Zohali, nayo ikaelekea kwenye mnazi. Hapo husema mashine ni mbovu, wakairudisha ndani ya boksi, na pengine isitoke tena. Mara nyingi mashine ni nzima. Kilichokosekana ni kuiambia ukweli kuhusu mambo matatu: upo wapi, ni saa ngapi, na nyota ipi ni ipi. Makala haya yanaeleza mambo hayo kwa mtu aliyepo Unguja.

RIMOTI NI NINI?

Rimoti ya darubini ni kompyuta ndogo ya mkononi. Ndani yake mna orodha ya vitu vya angani, kuanzia maelfu machache mpaka karibu 40,000 kwa baadhi ya darubini za kampuni ya Celestron. Kila kitu kimeandikiwa mahali pake, kama vile nyumba zinavyoandikwa katika ramani ya mtaa. Lakini ramani haimsaidii mtu asiyejua amesimama wapi. Kadhalika rimoti: inajua nyota zote, haijui wewe upo Mtoni au Moscow.

Vitufe vyake vinatofautiana kwa kampuni, ila vingi hufanana. Mna vitufe vinne vya mishale vya kuisogeza darubini juu, chini, kushoto na kulia. Mna ENTER ya kukubali na UNDO au BACK ya kurudi nyuma. Mna ALIGN ya kuilinganisha darubini na anga. Mna vitufe vya nambari ambavyo pia hufungua orodha za sayari, nyota na makundi ya nyota. Mna RATE ya kuchagua mwendo, kutoka 1 ambao ni wa kobe mpaka 9 ambao ni wa haraka kabisa.

JAMBO LA KWANZA: UPO WAPI?

Rimoti itakuuliza mji au itakutaka uandike latitudo na longitudo. Mtoni ipo kiasi cha digrii 6 na dakika 8 kusini ya ikweta, na digrii 39 na dakika 13 mashariki. Ukikosea dakika chache hakuna tatizo. Tatizo ni kukosea herufi. Darubini nyingi hutengenezwa kwa kufikiria watu wa Ulaya na Marekani, hivyo huanza na herufi N, yaani kaskazini. Usipoibadilisha kuwa S, darubini itaamini kuwa upo digrii 6 upande wa pili wa ikweta, kama kwamba umehama umbali wa zaidi ya kilomita 1,300. Longitudo nayo iwe E, yaani mashariki, wala isiwe W.

Jambo jengine: vitabu vingi vya maelekezo humwambia mtu aitafute nyota ya kaskazini. Sisi hatuioni. Kwa kuwa tupo kusini ya ikweta, nyota hiyo ipo chini ya upeo wa macho yetu. Usipoteze usiku kuitafuta.

Lakini Allah ametupa wepesi mwengine. Zipo darubini ambazo kabla ya kuanza hutaka bomba lilazwe sawa na lielekezwe kaskazini. Watu wa Unguja tunaijua kaskazini bila ya dira, kwani Makka ipo karibu kabisa na kaskazini yetu halisi. Tofauti ni kama digrii moja tu kuelekea mashariki. Anayejua kibla cha nyumbani kwake ameshajua pa kuelekeza darubini. Si bure kwamba katika Kiswahili neno kibla lenyewe limetumika pia kwa maana ya kaskazini.

JAMBO LA PILI: NI SAA NGAPI, NA NI TAREHE GANI?

Hapa ndipo wengi wetu wanapoteleza, kwa sababu tatu.

1. Saa. Sisi tunasema saa mbili usiku. Rimoti inataka 20:00, au 8:00 PM. Mtoto akiandika 2:00 kama anavyosema nyumbani, mashine itadhani ni alfajiri au ni mchana. Anga inaonekana kuzunguka digrii 15 kila saa. Kosa la saa sita ni digrii 90, yaani robo nzima ya mzunguko. Nyota unayoitaka ipo utosini, darubini inaitafuta kwenye upeo wa bahari.

2. Siku. Kwetu siku mpya huingia kwa kuzama jua, ndiyo maana Alkhamisi baada ya Magharibi tunasema ni usiku wa Ijumaa. Rimoti inafuata kalenda ya Kizungu, ambayo siku yake hubadilika saa sita za usiku. Kwa hiyo usiku huo, mpaka saa sita, andika tarehe ya Alkhamisi.

3. Mpangilio wa tarehe. Rimoti nyingi hufuata desturi ya Kimarekani: mwezi kwanza, kisha siku. Tarehe 7 Disemba huandikwa 12/07. Ukiandika 07/12, umeiambia darubini kuwa leo ni tarehe 12 Julai, na anga ya Julai si ya Disemba.

Pia utaulizwa ukanda wa saa. Sisi ni +3 kutoka saa ya Greenwich. Ukiulizwa kuhusu saa za majira ya joto, chagua STANDARD, kwani Tanzania haisogezi saa mbele wala nyuma katika mwaka.

JAMBO LA TATU: NYOTA IPI NI IPI?

Baada ya kujua mahali na saa, darubini bado haijui inaelekea wapi. Inakutaka uioneshe nyota mbili kwa mkono wako. Unachagua jina katika rimoti, unaisogeza darubini kwa mishale mpaka nyota ile iingie katikati ya darubini ndogo ya kulengea, unabonyeza ENTER, kisha unaitia katikati ya kioo cha kutazamia na kubonyeza ALIGN. Unafanya hivyo hivyo kwa nyota ya pili. Mwisho wa kuiweka katikati uwe kwa mshale wa juu na wa kulia, kwani meno ya gia yana ulegevu kidogo, na kumalizia upande mmoja daima huondosha kosa.

Baadhi ya rimoti za Celestron zinaweza kulinganishwa kwa vitu vitatu vyenye kung'ara bila ya kuvijua majina. Njia hiyo inafaa, lakini asiyejua chochote anaweza kuchagua taa ya mnara akaidhani ni nyota!

Kwa anga yetu, jozi hizi zinafaa mnamo saa mbili usiku:

Katikati ya Januari: Achernar, upande wa kusini kuelekea magharibi, pamoja na Betelgeuse, upande wa mashariki.

Katikati ya Agosti: Vega, upande wa kaskazini kuelekea mashariki, pamoja na Spica, upande wa magharibi.

Usichague nyota zilizo karibu karibu, wala iliyo utosini kabisa, kwani darubini hupata taabu kuilenga.

MAJINA HAYA NI YA NANI?

Ukifungua orodha ya nyota katika rimoti utakuta majina yanayoonekana kuwa ni ya Kizungu. Yasome polepole kwa sikio la mwanafunzi wa madrasa, na utayatambua.

Aldebaran ni Ad-Dabaraan, mwenye kufuata, kwa kuwa hufuata nyuma ya Thurayya, ambayo sisi tunaiita Kilimia.

Rigel ni Rijl, mguu.

Deneb ni Dhanab, mkia.

Fomalhaut ni Famu l-Huut, kinywa cha samaki.

Achernar ni Aakhiru n-Nahr, mwisho wa mto.

Altair ni An-Nasru t-Taair, tai anayeruka. Na Vega ni An-Nasru l-Waaqi', tai anayetua.

Betelgeuse ni Yadu l-Jawzaa, mkono wa Jawzaa. Waliofasiri vitabu vya Kiarabu kwa Kilatini waliisoma nukta mbili za yaa kuwa ni nukta moja ya baa, na kosa hilo likabakia karne kwa karne mpaka likaingia ndani ya kompyuta. Wanafunzi wanaoona uvivu kutia nukta katika imla wazingatie!

Sirius, nyota inayong'ara kuliko zote za usiku, ndiyo Shi'raa iliyotajwa katika Surat An-Najm, aya ya 49. Na Canopus, ya pili yake kwa mng'aro, ndiyo Suhayl ya manahodha wetu.

Ndugu mwanafunzi, majina haya yamo humo kwa sababu walikuwepo watu waliokesha na kuandika. Abdurrahman As-Sufi wa Isfahan aliandika kitabu chake cha nyota mnamo mwaka 964, na ndani yake akakitaja kiwingu kidogo ambacho leo tunakijua kuwa ni galaksi ya Andromeda. Hakuwa na darubini. Alikuwa na macho, subira na kalamu. Itakuwa ni khasara kwetu kuyabonyeza majina ya wazee hao katika rimoti bila ya kujua kuwa ni lugha tunayoisoma kila siku.

SASA TUTIZAME NINI?

Darubini ikishalinganishwa, anza na vitu hivi.

1. Mwezi. Upo umbali wa kilomita 384,000 hivi. Usiutizame ukiwa mpevu tu. Ulio nusu ni bora zaidi, kwani kwenye mpaka wa nuru na kiza milima na mashimo yake hutoa vivuli virefu.

2. Mshtarii na Zohali. Fungua orodha ya sayari. Pembeni mwa Mshtarii utaona vidoto vinne vilivyojipanga. Hiyo ni miezi yake mikubwa, ambayo Galileo wa Italia aliiona mwaka 1610. Zohali ina pete, na hakuna mtoto aliyeiona kwa mara ya kwanza akanyamaza.

3. Kilimia. Bonyeza M kisha 45. Herufi M ni ya Mfaransa Charles Messier, aliyekusanya orodha ya vitu 110 hivi. Tumia kioo kisichokuza sana, kwani Kilimia kimetawanyika. Wakulima wetu walikihesabia misimu, wakasema: kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, kikizama kwa mvua huzuka kwa jua.

4. Wingu la Jabari, M42. Ni wingu la gesi ambamo nyota huzaliwa. Nuru husafiri kilomita 300,000 kwa sekunde moja, na bado nuru ya wingu hili huchukua miaka kama 1,300 kutufikia. Ile utakayoiona usiku huo ilianza safari katika karne za mwanzo za Hijra. Subhaanallah!

5. NGC 5139. Hili ni kundi la mamilioni ya nyota, linaloonekana vizuri kuanzia Aprili mpaka Juni, pindi mawingu ya masika yakiruhusu. Mtu wa London halioni kabisa kwa kuwa halichomozi kwake. Kwetu hupanda juu.

6. M31, ile Andromeda ya As-Sufi. Itafute upande wa kaskazini jioni za Novemba. Nuru yake imesafiri kiasi cha miaka milioni 2.5. Usitarajie picha kama za vitabuni. Utaona ukungu mweupe tu. Lakini jua unachokitizama.

Kila ukifika kwenye kitu, bonyeza INFO usome habari zake. Na ukiiona nyota usiyoijua, rimoti nyingi zina sehemu iitwayo IDENTIFY; elekeza darubini, nayo itakutajia jina.

TAHADHARI

Kwanza, na hili wazazi walisimamie wenyewe: ni marufuku kutizama jua kwa darubini isiyo na kichujio maalumu kilichofungwa mbele ya bomba. Jicho huharibika papo hapo, tena bila ya maumivu ya kukuonya. Katika rimoti za Celestron jua limefichwa makusudi. Halionekani katika orodha mpaka mtu aliruhusu mwenyewe. Liache limefichwa. Mchana funika darubini na usimwachie mtoto peke yake.

Pili, usiweke miguu ya darubini juu ya mchanga wa ufukweni. Mguu mmoja ukizama kidogo tu, ulinganisho wote umekwisha. Tafuta ardhi ngumu, au weka vipande vya mbao chini ya miguu. Na watoto wasiigonge. Wapange safu, mmoja mmoja.

Tatu, betri. Mota hula betri haraka. Betri zikichoka darubini huanza kwenda ovyo kabla ya kuzimika, na mtu hudhani amekosea hesabu. Kuwa na betri za akiba au chanzo cha volti 12 kama kitabu cha darubini yako kinavyoelekeza.

Nne, hewa ya bahari ina chumvi na unyevu. Ukimaliza, funika vioo, wala usivifute kwa kanga wala kwa shati.

DARUBINI NA HILALI

Bila ya shaka wapo watakaouliza: jee, darubini hii itatutafutia mwezi muandamo? Tufahamu inachoweza na isichoweza.

Mwezi huachana na jua kwa takriban digrii 12 kila siku. Jioni ya tarehe 29 hilali huwa ni uzi mwembamba, karibu na pale jua lilipozama, na muda wake ni mfupi. Mtoni ina bahari upande wa magharibi, kwa hivyo upeo ni mweupe pasi na majumba. Rimoti inaweza kukokotoa mwezi upo upande gani, na hilo humsaidia mtizamaji asipoteze dakika zake kutafuta pasipo mahali. Lakini kumbuka kuwa wakati huo nyota bado hazijatoka, hivyo kuilinganisha darubini ni vigumu, isipokuwa kama Zuhura au sayari nyengine inaonekana. Na darubini isielekezwe huko kabisa mpaka jua liwe limezama lote.

Zaidi ya hayo, rimoti kusema mwezi upo pale ni hesabu, si kuuona. Hukumu ya kuandama kwa mwezi wanayo wanavyuoni wetu na Ofisi ya Mufti, wala haimo katika kitufe chochote. Sisi wanafunzi kazi yetu ni kujifunza kutizama vizuri, na kusema kweli tulichokiona na tusichokiona.

ZOEZI LA NYUMBANI

Hata asiye na darubini anaweza kulifanya. Jibu, kisha mpelekee mwalimu wako.

1. Leo ni saa tatu na nusu usiku. Utaandika nini katika rimoti?

2. Ni usiku wa Jumatatu, saa nne. Kwa rimoti, ni siku gani?

3. Andika tarehe 3 Novemba kwa mpangilio wa rimoti.

4. Toka nje na mzazi wako baada ya Isha, ukikabili kibla. Taja nyota moja yenye kung'ara uliyoiona, na upande iliyopo.

5. Tafuta maana ya jina la nyota moja ambayo haikutajwa katika makala haya.

HITIMISHO

Ndugu zangu, rimoti haimpi mtu elimu ya anga; humfikisha haraka yule aliyekwisha kujua mahali pake, wakati wake, na nyota zake mbili. Basi kabla ya kununua au kuomba darubini, kesheni siku chache mkitizama kwa macho. Jueni Shi'raa, jueni Suhayl, jueni Kilimia. Siku itakapofika mashine mikononi mwenu, haitawapoteza, na nyinyi hamtaipoteza. Tunamuomba Allah atupe elimu yenye manufaa na macho yenye kuzingatia.